Vijidudu Sugu Hospitalini: Somo kwa Wanaowatembelea Wagonjwa



Kuwatembelea wagonjwa ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Mafrateri huenda wodini siku za utume, akina mama wa WAWATA hupeleka uji na sabuni, wanajumuiya huenda kusali na mwenzao aliyelazwa, na padre huitwa usiku wa manane kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Wote hao hukutana na kitu wasichokiona kwa macho: bakteria ambao dawa haiwaui tena. Wataalamu huliita tatizo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Katika somo hili tutaangalia usugu ni nini, kwa nini hospitali ndiyo sehemu unaposhamiri, dhamiri ya Mkristo inaulizwa nini juu yake, na mwishoni tufanye nini sisi tunaoingia wodini na kutoka.

1. Usugu ni nini?

Bakteria ni viumbe hai wadogo mno. Wengi wao hawatudhuru, na walio tumboni mwetu hutusaidia. Wachache huleta maradhi kama nimonia, kifua kikuu, maambukizi ya njia ya mkojo, vidonda vyenye usaha na maambukizi ya damu. Dawa zinazowaua au kuwazuia wasiongezeke huitwa antibiotiki, au viuavijasumu. Amoksilini, ampisilini, siprofloksasini na seftriaksoni ni baadhi ya hizo tunazozisikia kila siku.

Mara nyingi mtu husema, "Mwili wangu umeshaizoea amoksilini." Si hivyo. Mwili haukuzoea kitu. Waliobadilika ni bakteria. Baadhi yao, wakipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kugawanyika kwa haraka namna hiyo, sifa zinazorithishwa hubadilika kidogo hapa na pale, na mara mojamoja badiliko hilo humpa bakteria mmoja uwezo wa kuihimili dawa. Dawa ikiingia mwilini, walio dhaifu hufa na yule mmoja hubaki, tena hubaki na nafasi yote na chakula chote. Mkulima anayepuliza dawa ileile kila msimu anaijua hali hii: wadudu wanaosalia ndio wazazi wa wadudu wa msimu ujao.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Bakteria huweza kupeana sifa hizo wao kwa wao. Hupitisha vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, na anayepewa anaweza kuwa wa jamii nyingine kabisa. Hivyo bakteria asiye na madhara yoyote tumboni mwa mtu mwenye afya anaweza kuhifadhi usugu, kisha akaupitisha kwa bakteria wa ugonjwa. Wengine hutengeneza vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafanya kazi, wengine huitapisha nje, na wengine hubadilisha sehemu ile ambayo dawa ingeshika.

Tukumbuke pia kwamba antibiotiki haziui virusi. Mafua ya kawaida na vikohozi vingi vya watoto husababishwa na virusi. Anayemeza kapsuli za rangi mbili kwa sababu ya mafua hapati nafuu yoyote kutokana nazo, ila anawafundisha bakteria wa mwili wake namna ya kuishi na dawa hiyo.

2. Kwa nini hospitalini?

Hospitali huwakusanya mahali pamoja watu waliodhoofika. Yumo mtoto njiti, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee mwenye kisukari na kidonda mguuni, aliyeungua moto, na anayetibiwa saratani ambaye kinga yake imeshuka. Wengi wamewekewa mpira wa mkojo, dripu au mashine ya kupumulia, na kila mpira unaoingia mwilini ni njia ambayo bakteria anaweza kuipita. Hapo hapo antibiotiki hutumika kwa wingi, kwa hiyo bakteria wanaosalia ni wale waliokwisha kuzihimili. Kisha kuna mikono inayotoka kitanda kimoja kwenda kingine: ya daktari, ya muuguzi, ya ndugu, na ya padre.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humohumo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati wanaopata ni 15. Kwa wastani mmoja kati ya 10 wa hao walioambukizwa hufariki dunia.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi bakteria wanavyokwenda kasi. Dawa ya methisilini ilianza kutumika mwaka 1959 ili kuwaua bakteria wa aina ya stafilokoka waliokuwa wameishinda penisilini. Mwaka 1961, huko Uingereza, wakatangazwa stafilokoka walioishinda methisilini pia. Leo hofu kubwa zaidi ni juu ya bakteria kama Klebsiella na Acinetobacter, ambao katika hospitali nyingi wamekwisha kuzishinda hata dawa za kundi la karbapenemu, zile ambazo madaktari waliziweka akiba. Acinetobacter huweza kukaa hai siku nyingi juu ya kitu kikavu: ukingo wa kitanda, kitasa cha mlango, au kifaa cha kupimia.

Jambo hili halikuanza jana, wala haliko mbali nasi. Utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya mwaka 2001 na 2002 uliwachunguza watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Kati ya waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi katika damu, zaidi ya 4 kati ya kila 10 walifariki dunia. Kiwango hicho kilizidi mara mbili kile cha watoto waliokuwa na malaria. Tena mtoto ambaye bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa aliyopewa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hapa tusikosee kuhukumu. Hospitali inayotangaza matokeo kama haya ni hospitali yenye maabara na yenye ujasiri wa kutazama. Pale ambapo damu haioteshwi maabara, usugu upo vilevile, ila mtoto anazikwa na sababu haijulikani.

Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba usugu ulihusika kwa namna fulani katika vifo milioni 4.95. Eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililoonekana kubeba mzigo mzito kuliko mengine.

3. Kengele ya padre huko Vienna

Kwa waseminari kuna kisa kimoja cha historia kinachofaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari, ya pili na wakunga. Mwaka 1846, katika kliniki ya kwanza, akina mama zaidi ya 11 kati ya 100 walikufa, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika watatu. Akina mama wenyewe walijua, na wengine walilia wakiomba wasipelekwe ile ya kwanza.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu. Mojawapo ya dhana zilizokuwapo ilimhusu padre. Alipopeleka Sakramenti kwa mama aliyekuwa anakufa, padre alilazimika kupita katikati ya wodi za kliniki ya kwanza, akitanguliwa na mtumishi mwenye kengele. Ilidhaniwa kwamba mlio wa kengele uliwatia akina mama hofu, na hofu ikawaua. Semmelweis alimwomba padre apite njia nyingine, kimya kimya, bila kengele. Padre akakubali. Vifo havikupungua.

Mwaka 1847 rafiki yake Semmelweis, Profesa Jakob Kolletschka, alijeruhiwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Alikufa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa akina mama wale. Hapo Semmelweis akaelewa: madaktari na wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi, wakibeba mauti mikononi mwao. Wakunga hawakupasua maiti. Aliamuru kila anayeingia anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1848 vifo katika kliniki ya kwanza vilishuka hadi mmoja na kidogo kati ya 100, sawa na kliniki ya pili. Hata hivyo wenzake wengi walimkataa, kwa sababu ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba mikono ya daktari, iliyokuja kuponya, ndiyo iliyoua.

Padre wa Vienna hakuwa na kosa, na kengele yake haikumwua mtu. Lakini kisa hiki kinatuachia swali sisi tunaojiandaa kwa huduma ya wagonjwa. Nia njema na Sakramenti takatifu haviisafishi mikono. Mikono ya padre ni mikono ya binadamu, nayo inaweza kubeba bakteria sawa na mikono ya daktari.

4. Onyo la Fleming na swali la dhamiri

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 katika Hospitali ya St Mary's, London. Mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo alitoa mfano wa mtu mmoja wa kubuni, anayeumwa koo. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuwaua bakteria bali inayotosha kuwafundisha ukaidi, kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, dawa inashindwa, mama anafariki. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa, na akajibu kwamba ni mume, aliyeitumia dawa kizembe.

Mfano huo ni wa kitabibu, lakini swali lake ni la teolojia ya maadili. Tumezoea kufikiri kwamba dawa ninayoimeza ni jambo langu na mwili wangu. Antibiotiki haziko hivyo. Kila dozi inayotumiwa ovyo inapunguza nguvu ya dawa kwa jirani, na jirani huyo anaweza kuwa kichanga katika wodi nisiyowahi kuingia. Ufanisi wa dawa hizi ni kama kisima cha kijiji. Mmoja akikichafua, wote wanakunywa uchafu. Mafundisho ya Kanisa huliita jambo la namna hii manufaa ya wote, yaani hali zile za maisha ya pamoja zinazomwezesha kila mtu kufikia utimilifu wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, na kwamba tunapaswa kuzitunza tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote.

Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anawaheshimu mganga na mtengeneza dawa, na anasema dawa zimetoka kwa Mungu katika ardhi. Kilichotoka kwa Mungu hakitapanywi ovyo.

Je, basi, tumlaumu kila anayenunua nusu dozi? Hapa Fleming alikuwa mkali kupita hali halisi ya watu wetu. Mama mwenye shilingi elfu mbili mkononi, mtoto anachemka homa, zahanati iko mbali na bima hana, huingia duka la dawa akaomba vidonge vinavyolingana na hela yake. Si mzembe. Amebanwa. Katekisimu hiyohiyo, namba 1735, inakumbusha kwamba lawama ya tendo huweza kupungua au kuondoka kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa au hofu. Lawama kubwa zaidi ni ya anayejua na ana uwezo: muuza dawa anayeuza bila cheti ili apate faida, mtoa huduma anayeandika sindano kali ili mgonjwa aridhike, mfugaji mkubwa anayechanganya antibiotiki katika chakula cha kuku wazima, na wenye mamlaka wanaoacha wodi bila maji.

Tena tusisahau upande wa pili. Wapo wanaokufa kwa sababu hawakuzipata kabisa dawa hizi. Kwa hiyo mafundisho yetu parokiani yasiwe "msitumie antibiotiki". Anayezihitaji azipate, azipate zilizo sahihi, kwa kipimo kamili, asiyezihitaji asizitumie. Hilo ni suala la haki, na haki haitoshi kuhubiriwa kwa maskini peke yao.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tunapoingia wodini. Tunawe mikono tunapofika, kabla ya kumgusa kila mgonjwa, baada ya kumgusa, na hata baada ya kugusa kitanda au meza yake. Kwa maji tiririka na sabuni tuchukue sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 hadi 30, tukisugua mpaka mikono ikauke. Kama mikono inaonekana ina uchafu, kitakasa hakitoshi. Tutumie maji na sabuni. Tusikae juu ya kitanda cha mgonjwa, tusiguse kidonda, dripu wala mpira wa mkojo. Mwenye kuhara, jipu au kidonda kibichi aahirishe ziara. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Kundi la watu 20 kuzunguka kitanda kimoja ni upendo, lakini wawili wakiingia na wengine wakasali nje, upendo haupungui.

Pili, kwa mapadre na wanaojiandaa kuwa mapadre. Siku ya kuwapaka mafuta wagonjwa wengi, anawe au atakase mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, akianza kwa kufuta mafuta kwa pamba. Stola isiburuzwe juu ya shuka za vitanda, na kitabu cha ibada kisiwekwe kitandani. Kabla ya kuingia chumba cha wagonjwa mahututi au cha waliotengwa, amuulize muuguzi wa zamu na atii, iwe ni kuvaa glavu, joho au barakoa. Sheria ya Kanisa imekwisha kufikiria hali hizi: kanuni ya 1000 inasema mhudumu apake kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kutumia kifaa, na kwamba katika dharura mpako mmoja juu ya paji la uso, au hata sehemu nyingine ya mwili, unatosha. Kwa hiyo usafi haumnyimi mgonjwa Sakramenti yake.

Tatu, tusigeuze tahadhari kuwa unyanyapaa. Mgonjwa mwenye bakteria sugu si najisi. Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma (Mk 1:40-45). Anayenawa mikono ndiye anayeweza kumgusa mgonjwa kwa amani, kisha akamgusa na wa kitanda cha pili bila kumdhuru. Aliyetengwa ndiye mwenye kiu zaidi ya kutembelewa.

Nne, nyumbani na dukani. Tutumie antibiotiki tulizoandikiwa na mtaalamu, kwa kipimo na kwa siku alizosema. Tusigawane vidonge na jirani, wala kuweka mabaki kwa ajili ya homa ijayo. Tukiona dawa haisaidii turudi kwa aliyetuandikia, tusijiongezee nyingine. Jumuiya Ndogondogo inapochangia mgonjwa, iulize kama dozi yake imekamilika. Pengine mchango bora kuliko soda na biskuti ni vidonge vilivyobaki kununuliwa. Watoto wapate chanjo zote, kwa kuwa ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa.

Tano, miradi yetu. Seminari na parokia nyingi hufuga kuku, nguruwe na ng'ombe. Tusiwape antibiotiki wanyama wazima ili wakue haraka. Wakiugua, tumwite mtaalamu wa mifugo, na tusiuze wala kula maziwa, mayai au nyama kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha.

Sita, Kanisa lenyewe ni mwenye hospitali. Bugando, Peramiho, Ndanda, Ifakara na nyingine nyingi zimejengwa kwa jasho la wamisionari na waamini. Tunapochangia hospitali zetu, tufikirie pia vile visivyopigwa picha: tangi la maji, sinki lenye sabuni katika kila wodi, na vifaa vya maabara vya kuotesha damu na mkojo ili daktari ajue dawa ipi itafanya kazi. Siku ya Wagonjwa Duniani, Februari 11, na wiki ya Novemba 18 hadi 24, ambayo dunia huitumia kuelimisha juu ya usugu wa vimelea, ni nafasi nzuri za kuyasema haya baada ya Misa, kwa msaada wa daktari au mfamasia wa parokia.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, watu hununua antibiotiki bila cheti kwa sababu zipi? Ipi kati ya sababu hizo jumuiya yetu inaweza kuiondoa?

2. Msamaria mwema (Lk 10:25-37) alisafisha vidonda, kisha akalipa gharama za matunzo. Sisi, tunapomtembelea mgonjwa, tunaishia wapi?

3. Ni nani mwenye wajibu mkubwa zaidi mbele ya Mungu kuhusu usugu wa dawa: mgonjwa, muuza dawa, mtoa huduma au serikali? Toeni sababu.

4. Hospitali au zahanati iliyo karibu nasi ina maji na sabuni wodini? Kama hatujui, nani ataenda kuuliza, na lini?

Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na hospitali, atuombee tuwe na mikono yenye huruma na iliyo safi.